Uliza Ujibiwe: Hoteli Zilibaki, Wageni Wakaondoka

SWALI: Shikamoo Bibi. Nasomea utalii, mwaka wa pili. Mwalimu wetu anasema nchi za kikomunisti za Ulaya Mashariki zilikuwa na hoteli nyingi za ufukweni hata kabla ya 1989, mwaka tawala hizo zilipoanza kuanguka. Mipaka ilipofunguliwa nilitarajia hoteli hizo zijae. Mbona nyingi zilidorora miaka ya tisini? Nasikia uliwahi kuishi Bulgaria. Naomba unieleweshe.
Mwanafunzi

JIBU: Marahaba mwanangu. Niliishi kweli, na nilifanya kazi ndani ya hoteli mojawapo, kwa hiyo nitaanza na niliyoyaona.

Kiangazi cha 1988, nikisoma Varna, nilipata kibarua cha kusafisha vyumba Zlatni Pyasatsi, ufukwe wa Bahari Nyeusi ambao serikali ilianza kuujenga miaka ya hamsini. Nyuma ya mlango wa kila chumba palibandikwa karatasi yenye muhuri: taulo mbili, bilauri mbili, kisahani cha majivu ya sigara kimoja, kioo kimoja. Mgeni akiondoka, nilihesabu kwanza, kitanda baadaye. Bilauri ikipungua, nilikatwa mshahara. Maji ya moto yasipotoka wiki nzima, hakukatwa mtu. Nimeikumbuka karatasi ile kila nilipolala hotelini tangu siku hizo, maana ilitaja kila kilichokuwemo chumbani isipokuwa mgeni.

Na wageni walifurika! Walitoka Ujerumani Mashariki, Chekoslovakia, Poland na Umoja wa Kisovieti, wengi wao wakigharimiwa sehemu kubwa na kiwanda au chama cha wafanyakazi, wakila kwa kuponi. Hoteli, mabasi na migahawa vilikuwa mikononi mwa Balkantourist, shirika la serikali lililoanzishwa 1948. Wajerumani wa Magharibi nao walikuja na marki zao, na pale kwetu hao ndio waliopewa vyumba vinavyotazama bahari. Wale wengine walipewa vya upande wa jikoni na hawakunung'unika, kwa sababu mahali pengine penye jua na bahari palikuwa ng'ambo ya mpaka wasioruhusiwa kuuvuka.

Jibu lako linaanzia kwa watu hao wa upande wa jikoni. Tarehe 1 Julai 1990 Ujerumani Mashariki ilianza kutumia marki ya Magharibi, na familia iliyokuwa ikija kwetu kila mwaka ikawa na uwezo wa kwenda Uhispania. Juni 1991 ikavunjwa Comecon, jumuiya ya kiuchumi iliyoziunganisha nchi hizo. Desemba ukaanguka Umoja wa Kisovieti. Wateja waliojengewa hoteli zile waliyeyuka ndani ya miezi 18. Mipaka ilifunguliwa, ndiyo, lakini watu wa kwanza kuivuka walikuwa ni wateja wetu wenyewe, wakitokomea.

Niliporudi 1993 kama mkalimani, karatasi ilikuwepo bado nyuma ya mlango. Bilauri hazikuwepo. Hoteli ilikuwa ya serikali kwa jina tu, na hakuna aliyeweza kuniambia kesho itakuwa ya nani. Katika hali hiyo nani atakarabati paa? Niliwasikia wafanyakazi wenzangu wa zamani wakisema kwamba wakubwa waliiacha ichakae makusudi ili ikinadiwa iuzwe kwa bei ya kutupa. Ubinafsishaji wa hoteli nyingi ulikawia hadi nusu ya pili ya miaka ya tisini, na kabla haujakamilika zikafilisika benki na ukaja mfumuko wa bei wa 1996 na 1997 uliomeza akiba za watu, mpaka thamani ya lev, sarafu ya Bulgaria wakati huo, ikafungwa kwenye marki ya Ujerumani Julai 1997.

Linganisha na Chekoslovakia. Januari 1991 walianza kunadi maduka na migahawa midogo ya serikali, na mwaka huohuo sheria ikawarudishia wenyewe mali nyingi zilizotaifishwa kuanzia tarehe 25 Februari 1948, siku wakomunisti waliposhika madaraka. Familia ikapata tena nyumba ya babu yao katikati ya Prague, ikapaka rangi, ikafungua vyumba sita vya wageni. (Tarehe ile iliwaacha nje Wajerumani waliofukuzwa baada tu ya Vita vya Pili vya Dunia, maana mali zao zilichukuliwa kabla yake. Haki ya sheria hiyo ilikuwa na mpaka wake.) Prague ilikuwa na bahati pia: Mjerumani anafika kwa gari asubuhi na kurudi kwake jioni. Lakini bahati bila mwenye nyumba haipiki kifungua kinywa.

Bulgaria nayo haikukosa wenye nyumba. Mwaka ule wa 1993 nililala Nessebar, mji mkongwe ulio kwenye rasi nyembamba. Kituoni alisimama mwanamke mzee na kipande cha boksi alichoandika Zimmer frei, yaani chumba kipo, kwa Kijerumani. Nilimwita baba, ambalo kwa Kibulgaria ni bibi. Alitikisa kichwa kushoto na kulia, nami nikakumbuka kwamba kwao hiyo ndiyo ndiyo. Enzi za serikali alipangisha chumba hichohicho kupitia ofisi ya utalii iliyochukua fungu lake. Sasa zote zilibaki kwake, na alikuwa amekwisha kununua hita mpya ya maji. Asubuhi aliniwekea nyanya, jibini nyeupe na mkate, akakaa kunitazama nikila. Mimi naamini wanawake kama yule ndio walioubeba utalii wa pwani ile katika miaka ya njaa, na inaniuma kwamba ripoti hazina safu ya kuwaandika.

Ukiandika insha yako, usiishie kusema soko liliokoa kila kitu. Vuka ghuba kutoka Nessebar ufike Slanchev Bryag, ufukwe mwingine wa hoteli za enzi zile. Wapanga miji wa zamani waliacha miti na nafasi kati ya hoteli. Baada ya 2000 nafasi hizo zikajazwa majengo ya fleti, ukuta kwa ukuta, na mimi sikuitambua njia niliyokuwa nikipita kwenda kuogelea. Soma na Albania: ardhi ya ushirika iligawiwa wakulima 1991, kisha 1993 ikaja sheria ya kuwafidia na kuwarudishia wenye mali wa zamani, na ugomvi wa hati za viwanja vya pwani ukawa wa miaka mingi. Leo nchi hiyo inapokea wageni kwa mamilioni, zaidi ya milioni 10 mwaka 2023.

SWALI: Bibi, ni kweli hoteli moja ya Tallinn ilikuwa na ghorofa ya siri?
Msomaji wako

JIBU: Kweli kabisa. Ni Hotel Viru, iliyofunguliwa 1972 kwa ajili ya wageni wa kigeni, wakati Tallinn, mji mkuu wa Estonia, ulikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Lifti ilikoma ghorofa ya 22. Ya 23 ilikuwa ya KGB, majasusi wa serikali ya Kisovieti, waliowasikiliza wageni kwa vinasa sauti. Tangu 2011 ni makumbusho. Nilipanda ngazi za mwisho kwa miguu, na mlangoni nikakuta maneno ya Kirusi yanayosema: Hapa hapana kitu. Ndani kuna mitambo iliyovunjwa na simu za zamani. Mbele yangu kwenye foleni walikuwepo Wafini wazee, na mmoja alimwambia mkewe kwamba harusi yao waliisherehekea katika hoteli hiyo.