Yule mtangazaji wa njaa ya Ethiopia 1984 ni nani?

Mkuu, huyo unayemuulizia ni Michael Buerk wa BBC. Kazaliwa 1946 pale Solihull, alitaka kuwa rubani wa jeshi la anga macho yakamuangusha, ndo akaingia kwenye magazeti kisha redio.

Ile ripoti unayoikumbuka ilirushwa Oktoba 1984, kaipiga Korem kaskazini mwa Ethiopia. Anaanza alfajiri, jua ndo linachomoza kwenye uwanda wenye baridi kali, watu maelfu wamejikunyata kwenye mashuka, na sauti yake iko taratibu kabisa wala hapigi kelele, yani anasema kidogo anaacha picha zimalizie. Na hapo ndo watu wengi wanasahau, picha zile kapiga Mkenya, Mohamed Amin, yani Mo, wa Nairobi! Mimi naona bila Mo ile ripoti ingepita kama habari zingine tu. Ilizunguka dunia nzima, Bob Geldof, mwanamuziki wa Ireland, kaiona akakusanya wanamuziki wenzake kuchangisha pesa, mwaka uliofuata ikaja Live Aid, lile tamasha kubwa la kuchangia njaa.

1987 makaburu walimfukuza Buerk Afrika Kusini kwa ripoti zake. Halafu 1991 yuko Addis Ababa na Mo tena, ghala la silaha likalipuka, Mo akapoteza mkono wa kushoto na fundi sauti wao John Mathai, naye Mkenya, akafariki palepale.

Buerk pia alikuwa anasoma taarifa ya habari ya saa tatu usiku ya BBC, na 2014 kaenda kwenye ile shoo ya TV ya watu maarufu kula wadudu msituni Australia, hiyo sijui alifuata nini 😂