Kabla ya kununua kontrola, pima mlima

Kila wiki anakuja kijana hapa gereji yangu ya Ndeeba, Kampala, na fremu ya pikipiki ya Boxer isiyo na injini, anataka iwe ya umeme, halafu swali lake la kwanza ni lile lile: "Mzee, mota ya wati ngapi?" Mimi humuuliza anaishi wapi. Akisema Muyenga au Naguru, kule vilimani, tunaanza na mlima. Mota tutaifikia baadaye.

Hili nililijua kwa aibu. Pikipiki yangu ya pili ya umeme nilimfungia mtu wa steji kontrola (kisanduku kinachopimia mota umeme wa betri) ya volti 48, yenye kibandiko cha wati 1500. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri sana, nikajiona fundi. Siku ya nne akanipigia simu.

"Fundi, pikipiki imelala."

"Imelala wapi?"

"Katikati ya Muyenga. Abiria wawili. Inanuka."

Ningekuwa nimepiga hesabu kwanza, nisingeifunga. Chukua pikipiki, dereva na abiria wawili, jumla kama kilo 350. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, uzito huo unakuvuta nyuma kwa nguvu ya nyutoni 343 hivi. Ongeza msuguano wa matairi, inakaribia 395. Ukitaka kupanda kwa kilomita 25 kwa saa, gurudumu linahitaji wati 2,700 hivi, na kwa kuwa mota na kontrola hupoteza sehemu njiani, betri lazima itoe kama 3,400. Kontrola yangu ilikuwa na ukomo wa ampea 30. Zidisha kwa 48, unapata 1,440. Hiyo ingepanda kwa mwendo wa mtu anayesukuma baiskeli ya matoke, na mota ya gurudumuni, yaani iliyojengwa ndani ya gurudumu lenyewe, ikizunguka polepole namna hiyo, umeme mwingi unaishia kuwa joto. Mosfeti, zile swichi ndogo za umeme ndani ya kontrola, zikaungua. Kosa halikuwa la kiwanda, lilikuwa langu.

Kwa volti 72, mlima ule ule unataka ampea 47 hivi. Ndiyo maana kwa boda ya Kampala mimi sishuki chini ya 72. Na kama fremu bado ina mnyororo na sproketi zake, usizitupe haraka kwa tamaa ya mota ya gurudumuni. Mota inayozunguka haraka na kupunguziwa mwendo na mnyororo hupanda mlima bila kuchoka sana.

Sasa volti zenyewe. Namba ya kwenye betri ni jina tu. Betri ya lithiamu ya "72" yenye seli 20 ikijaa inafika volti 84, kwa sababu kila seli hufika 4.2. Ile ya fosfeti, aina nyingine ya lithiamu, yenye seli 24 inafika 87.6. Kontrola lazima istahimili betri iliyojaa, tena ibakishe nafasi. Ukipewa ya mtumba, fungua kifuniko usome kapasita, vile vikopo vinavyotunza umeme kidogo ndani: zimeandikwa volti zake ubavuni. Kapasita za 63 kwenye betri ya seli 16 za fosfeti, inayofika 58.4, zinaachiwa volti zisizozidi tano za kupumulia. Mimi sizifungi. Kibandiko cha nje hubandikwa na yeyote, lakini kapasita haisemi uongo kirahisi.

Kitu kinachowachanganya wengi ni kwamba kuna ampea za aina mbili. Za betri ni zile zinazoingia kwenye kontrola. Za fezi ni zile zinazotoka kwenye nyaya tatu nene kwenda motani. Hazilingani, wala hazipaswi kulingana. Pikipiki ikiondoka steji, mota inapewa volti chache na ampea nyingi. Betri inatoa 40, fezi inaweza kupokea zaidi ya 100. Nguvu ya kuondoka na ya kupanda inatoka kwenye fezi. Kwa hiyo mteja akilalamika kwamba pikipiki ni nzito kuondoka, usikimbilie kupandisha ampea za betri. Utaiumiza betri na tatizo litabaki pale pale. Kwenye programu ya kontrola, za betri ziweke chini ya kile BMS (kadi inayoilinda betri) na seli zinachoruhusu, kisha za fezi uanze na mara mbili yake. Panda mlima, shika mota na kontrola kwa mkono, ndipo uongeze kidogo. Usipoweza kuacha kiganja juu ya kontrola kwa sekunde chache, rudi nyuma. Mara nyingi dawa ni bati nene la alumini, grisi ya joto, na kuitoa chini ya kiti ili ipate upepo.

Nyaya za sensa, zinazoiambia kontrola mota imezunguka hadi wapi, ni tano: nyekundu, nyeusi, na tatu za ishara. Kabla ya kuunganisha fezi, washa, zungusha gurudumu kwa mkono, na mita ikuonyeshe kila ishara ikiruka kati ya sifuri na karibu volti 5. Moja ikikaa kimya, sensa imekufa au waya umekatika, na huwezi kulitibu hilo kwa programu. Rangi usiziamini, kijani cha kiwanda kimoja ni bluu ya kingine. Sensa zikikaa mahali, fezi tatu zina mipangilio sita, na ulio sahihi ni mmoja. Mingine huzungusha mota kwa kulazimisha, inanguruma na kula ampea nyingi bila mzigo. Kwa hiyo gurudumu liwe hewani, ukomo wa ampea uwe chini kabisa, na mkono wako usiwe karibu na spoki.

Kuhusu mkono wa mafuta (bado tunauita hivyo, ingawa mafuta hayapo): ishara yake huanza karibu na volti 1 na kufika 4 na kitu. Waya wake hasi ukikatika, ishara inaruka kuelekea 5, na kontrola isiyo na kinga itaelewa umevuta hadi mwisho. Yangu iliruka kutoka gereji ikaingia kwenye magunia ya makaa ya mama jirani. Hakuna aliyeumia, ila magunia mawili nililipa. Tangu siku hiyo, ishara ikipita 4.5 kontrola zangu hukataa kwenda, na swichi ya breki ya kukata mota naifunga kabla ya taa.

Breki ya kurudisha umeme, ambapo mota hugeuka jenereta na kuichaji betri, ina mtego wake hapa kwetu. Mtu anayeishi juu ya kilima anachaji usiku, asubuhi betri imejaa, na safari ya kwanza ni mteremko. Mota inasukuma umeme, BMS inafunga mlango, volti zinapanda bila pa kwenda, na kontrola ndiyo inayolipa. Mteja wa namna hiyo mwambie achaji hadi asilimia 90, au breki hiyo aizime kabisa. Upande wa chini, kontrola ipunguze nguvu kwenye volti 62 hivi kwa seli 20, kabla BMS haijakata ghafla katikati ya foleni ya Jinja Road.

Fyuzi ikae karibu na betri, na iwe ya umeme wa betri. Zile swichi za ukutani za nyumbani ziache ukutani: umeme wa nyumbani hupita sifuri mara 100 kwa sekunde na cheche hujizima, wa betri haupiti sifuri hata mara moja. Ile cheche kubwa unayoiona ukiunganisha betri ni kapasita tupu zinazokunywa zote kwa mkupuo. Pitisha kwanza kwenye rezista ya omu 100 kwa sekunde mbili, kisha ndipo uunganishe waya mkuu.

Na mvua. Kuanzia Machi hadi Mei plagi za sensa ndizo zinazoniletea kazi nyingi. Waya ushuke kwanza chini ya plagi kisha upande, ili maji yadondoke pale kwenye kona badala ya kufuata waya hadi ndani.

Kontrola ya Muyenga bado iko kwenye rafu. Nawapa wanagenzi waifungue na kusoma kapasita zake.