Nani anamuiga nani kwenye konsoli? Jibu refu kutoka kwa fundi wa padi

Mkuu, umeuliza kati ya watengenezaji wa konsoli (mashine za kuchezea gemu), yaani Nintendo, Sony mwenye PlayStation na Microsoft mwenye Xbox, nani mbunifu na nani mwizi wa mawazo, halafu ukajijibu mwenyewe kwamba Nintendo hubuni na wengine wanadesa. Mimi ni fundi wa kurekebisha padi, vile vidude vya mkononi vya kuchezea, miaka mingi sasa. Ukizifungua zote zikawa mezani bila maganda yake, hoja yako inaanza kulegea. Siyo ya uongo, ila imerukia katikati ya hadithi, na imemsahau kabisa aliyeigwa kuliko wote.

Tuanze na msalaba, kile kitufe cha mielekeo minne kinachokaa chini ya kidole gumba cha kushoto. Gunpei Yokoi wa Nintendo aliuweka kwenye Donkey Kong ya Game & Watch, kigemu cha mkononi, mwaka 1982, na mwaka uliofuata ukahamia kwenye Famicom, konsoli yao ya nyumbani. Nintendo wakaukatia hataza (haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi) Marekani, na tangu hapo kila mshindani akawa anatafuta kitu kinachofanya kazi ileile bila kufanana nao. Kampuni ya Sega kwenye konsoli yao ya Mega Drive wakaweka sahani ya duara yenye msalaba uliochomoza juu yake. Sony kwenye PlayStation ya 1994 wakaja na vitufe vinne vilivyoachana. Sasa chukua bisibisi, toa skrubu, tenganisha maganda. Vile vitufe vinne ni kipande kimoja cha plastiki! Ni msalaba mtupu uliofichwa chini ya ganda, ncha zake nne tu ndizo zinazochungulia nje. Chini yake kuna raba yenye vidoto vyeusi vinavyogusa bodi, mambo yaleyale ya kwa jirani. Microsoft nao walikomaa na sahani mpaka Xbox 360, wapenzi wa gemu za mapigano wakalalamika weee, na mwaka 2013 Xbox One ikatoka na msalaba kamili. Kufikia hapo hataza ilikuwa imeshakwisha muda wake.

Kwa hiyo kwenye msalaba nakupa pointi yako. Vilevile kwenye vitufe vinne vya kulia vilivyopangwa kama almasi, na L na R za mabegani, yaani kwenye pembe za juu za padi: hivyo vyote vilikuja na Super Famicom, mrithi wa Famicom, mwaka 1990, na Sony hawakuvipata kwa kuchungulia dirishani. Walikuwa ndani. Ken Kutaragi wa Sony ndiye aliyebuni chipu ya sauti ya Super Famicom, na kampuni hizo mbili zilikuwa na mpango wa kuiongezea mashine hiyo CD. Mwaka 1991 Sony walitangaza mradi kwenye maonyesho ya Chicago, kesho yake Nintendo wakatangaza kwamba wanafanya kazi na Philips. Hebu fikiria aibu hiyo mbele ya waandishi wa habari. PlayStation ilizaliwa kwenye ugomvi huo, na padi yake ya kwanza ni mpangilio wa Super Famicom ulioongezewa mishikio miwili ya kukamata kwa viganja na jozi ya pili ya vitufe vya mabegani. Nenda kahesabu leo padi ya Switch Pro ya Nintendo ina vitufe vingapi vya mabegani. Vinne. Deni limerudishwa.

Kijiti cha analogi, kile kinachopima umekisukuma kiasi gani, ndicho kinachonifanya nisikubali neno "mwizi". Watu husema Nintendo 64 ya 1996 ilikuwa ya kwanza. Hapana. Konsoli ya Vectrex ilikuwa na kijiti cha analogi kinachojirudisha katikati mwaka 1982, na Atari 5200 ya mwaka huohuo ilikuwa na chake, ila kisichojirudisha. Walichofanya Nintendo ni kukipa kazi: gemu za pande tatu, ambamo mhusika anatembea polepole ukisukuma kidogo na kukimbia ukisukuma mpaka mwisho. Sony wakajibu mwaka 1997, na hapa angalia ndani tena. Kijiti cha Nintendo 64 kinasomwa kwa mwanga: kuna magurudumu mawili madogo yenye matundu, na mwanga unahesabu matundu yanavyopita. Kijiti cha Sony kinatumia vipingamkondo viwili vinavyobadilika, kimoja cha kulia na kushoto, kingine cha juu na chini. Teknolojia tofauti kabisa. Halafu wakaweka vijiti viwili. Wakati ule cha pili kilionekana kama pambo, gemu nyingi hazikukigusa, mpaka 1999 Sony wenyewe walipotoa Ape Escape ambayo haichezeki bila hivyo viwili. Leo kimoja kinatembeza mtu, kingine kinageuza kamera, na hakuna anayeshangaa. Nintendo wakaweka cha pili kwenye konsoli yao ya GameCube mwaka 2001. Sasa niambie hapo nani kamuiga nani.

Mtetemo nao ni hivyohivyo. Rumble Pak ya Nintendo ilitoka Aprili 1997 pamoja na Star Fox 64. Ilikuwa kidude chenye betri zake mbili, unakichomeka kwenye tundu lilelile la kadi ya kuhifadhia gemu, yaani ukitaka kuhifadhi inabidi ukitoe. Mwishoni mwa mwaka huohuo DualShock, padi ya Sony, ikaingia sokoni Japani na mota mbili ndani kwa ndani, moja ya uzito mkubwa kwa mtetemo wa chini, nyingine ndogo kwa mtetemo mkali. Hakuna betri wala cha kuchomoa. Aliyeiga alikuwa ameona usumbufu wa mwenzake na akauondoa. Mimi huo nauita ubunifu, ukiniita mtetezi wa Sony sawa tu.

Sasa huyo uliyemsahau: Sega. Kile kitufe cha nyuma unachobonyeza kidogo gari likaenda polepole, ukibonyeza chote linapaa, kilikuja na padi ya 3D ya konsoli yao ya Saturn mwaka 1996, kikaendelea kwenye iliyofuata, Dreamcast ya 1998. Xbox ya 2001 ikakichukua pamoja na mambo mengine chungu nzima: A chini, B kulia, X kushoto, Y juu, mpangilio wa Dreamcast vilevile, mpaka matundu mawili ya vidude vya kumbukumbu kwenye padi. Sony wakakifikia kitufe hicho cha nyuma mwaka 2006. Dreamcast pia ilitoka na modemu ndani, wakati washindani walikuwa bado wanaiona intaneti kama kitu cha kuongeza baadaye. Sega wakaacha kutengeneza konsoli mwaka 2001, na kila padi unayoshika leo ina vipande vyao.

Kuna kipande kimoja ambacho kwa miaka mingi karibu hakuna aliyekiiga, na kinanipa mkate. Vijiti vya Dreamcast vilisomwa kwa sumaku. Kuna sumaku ndogo inayosogea na kihisio kinachoisoma, wala havigusani, kwa hiyo hakuna kinachosuguana pale. Karibu wengine wote walibaki na vile vipingamkondo, ambavyo kila ukizungusha kijiti kuna ulimi mdogo wa chuma unaokwaruza utando wa kaboni. Utando ukilika, mhusika anaanza kutembea peke yake ukiwa umeweka padi mezani. Hiyo ndiyo kazi inayoletwa kwangu kuliko nyingine yoyote. Ninachomfungia mteja siku hizi, akikubali, ni vijiti vya sumaku vinavyouzwa kama uvumbuzi mpya.

Mifano ya kuiga vibaya ipo pia. Nintendo walionyesha rimoti ya konsoli yao ya Wii, inayohisi mkono unavyosogea, Septemba 2005. Mei 2006 Sony wakatangaza padi ya PlayStation 3, Sixaxis, yenye kuhisi mwendo lakini bila mtetemo. Nyuma ya hapo kulikuwa na kesi: kampuni ya Immersion ilikuwa imewashtaki Sony na Microsoft mwaka 2002 kwa hataza za mtetemo. Microsoft wakamalizana nao mapema, Sony wakapambana mpaka 2007. Kwa hiyo padi ilipoteza kitu watu walichozoea na kupata kitu ambacho hakuna aliyejua cha kukifanyia. Gemu ya Lair ya 2007 ililazimisha kurusha joka kwa kuinamisha padi, mwaka uliofuata ikabidi watoe sasisho la kurudisha vijiti. Tena rimoti ya Wii yenyewe ilikuwa na vyote viwili, mwendo na mtetemo! Waliiga kihisio, wakaacha sababu yake. Wii iliuza zaidi ya milioni 100 kwa sababu mtu asiyewahi kushika padi aliweza kucheza tenisi kwa kurusha mkono. Ukimpa mtu huyohuyo padi yenye vitufe kumi na kitu halafu umwambie aiinamishe, hujamsaidia chochote.

Microsoft walilielewa hilo vizuri zaidi, wakaondoa padi yenyewe. Kinect ya 2010, kamera inayofuata mwili wa mchezaji, iliuza milioni 8 ndani ya siku 60 za mwanzo. Kosa lilikuja 2013 walipolazimisha kila mnunuzi wa Xbox One aichukue, mashine ikawa dola 499 dhidi ya 399 za PS4. Mwaka uliofuata wakaanza kuiuza bila Kinect. Na kamera ya kuchezea kwa mwili Sony walikuwa nayo tangu 2003, EyeToy, ukitaka kuendeleza ubishi.

Achievements za Xbox 360 (2005) na Trophies za PS3 (2008), zile tuzo unazopewa ukitimiza jambo ndani ya gemu, sizitolei maelezo, kila mtu anaona nani kamuiga nani. Ila ulioigwa na wote bila kelele ni mkataba na watengenezaji wa gemu. Atari hawakuwa na namna ya kuwazuia wengine wasitengeneze kaseti za mashine yao. Nintendo kwenye NES ya 1985, yaani Famicom ya nje ya Japani, wakaweka chipu ya kufuli: bila leseni gemu haiwaki, na kila kaseti inalipiwa. Sega, Sony na Microsoft wote wakaufuata mfumo huo, na maduka ya mtandaoni ya leo ni mwendelezo wake.

Mwisho, umelalamika kwamba ukihama kutoka Xbox kwenda Switch unabonyeza "rudi" ukitaka "kubali". Nintendo wana A kulia tangu enzi za Famicom, Microsoft walirithi A ya chini kutoka Dreamcast. Sony walikuwa na mkanganyiko wao wenyewe: Japani kitufe cha kulia chenye alama ya duara ndicho kilichokuwa "kubali", Marekani na Ulaya ikawa kile cha chini chenye alama ya X, hadi PS5 ya 2020 walipofanya X kuwa "kubali" kila mahali. Kwenye Switch ingia kwenye mipangilio ya mashine, sehemu ya padi, ubadilishane A na B. Uwezo huo upo tangu sasisho la Aprili 2020. Ila maandishi ya kwenye skrini hayabadiliki, gemu ikikwambia bonyeza A kumbuka sasa ni cha chini.