Ethniki Si Somo la Ukabila, Wadogo Zangu

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp komredi mmoja aliyetua California mwezi Agosti aliuliza kama Ethniki (Ethnic Studies, somo la historia na maisha ya Wamarekani weusi, wenyeji asilia, Waasia na Walatino) ni kozi ya mambo ya Wakikuyu na Wajaluo. Akajijibu mwenyewe: "Mimi ukabila niliuacha uwanja wa ndege, JKIA." Nilicheka, kisha kicheko kikanikwama kooni, maana nami nilifika hivyohivyo. Haya, keti chini mumsikilize dada yenu.

1. Msiiahirishe hadi muhula wa mwisho. Ni yuniti 3, na sheria ya California ya 2020, inayoilazimisha kwa kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika vyuo vya California State University, haijali kama unasomea uuguzi au kompyuta. Wala usimwambie profesa kwamba umekuja kujaza yuniti tu. Wanafunzi wa chuo cha San Francisco State waligoma karibu miezi mitano, Novemba 1968 hadi Machi 1969, wakapigwa virungu na polisi, ndipo somo hili likapata pa kukaa. Nanyi mlionusa vitoza machozi getini mnaniuliza mgomo ni nini?

2. Soma kesi kabla ya nadharia. Wanawake watano weusi waliishtaki kampuni ya magari ya General Motors. Kampuni ilipopunguza watu ilianza na walioajiriwa mwisho, na wanawake weusi ndio waliokuwa mkiani kwa sababu kabla ya 1964 haikuwa ikiwaajiri. Mwaka 1976 mahakama ikawakatalia: wanawake wapo (weupe, ofisini), weusi wapo (wanaume, kiwandani), sasa ubaguzi uko wapi? Mwaka 1989 Kimberlé Crenshaw, msomi mweusi wa sheria aliyeiita nadharia yake intersectionality, aliifananisha hali yao na ajali ya njia panda, ambapo gari laweza kukugonga kutoka upande wowote, au pande zote kwa pamoja. Ukiielewa kesi hii, nusu ya mtihani wa kati umeimaliza.

3. Mdomo. Hapa ndipo nilipojichoma.

Wiki ya tatu tulikuwa tukijadili rangi na ajira. Nikainua mkono, nikatoa sauti yangu ya midahalo ya shule ya upili. Nikasema sisi kutoka Afrika tunakuja mikono mitupu, tunasoma, tunafaulu. Hawa waliozaliwa hapa kazi yao kulalamika. Nikamalizia kwamba mimi si mweusi, mimi ni Mkenya. Darasa likanyamaza hadi nikasikia kiyoyozi. Nami, maskini, nikadhani hoja imewaingia.

Karibu yangu alikaa mama mmoja Mmarekani mweusi, rika la shangazi yangu, aliyerudi chuoni baada ya kulea watoto. Kila Jumanne alinigawia karanga. Siku hiyo hakunijibu neno. Aliufunga mkebe wake, akautia mkobani.

Profesa ndiye aliyeniuliza, kwa upole unaoumiza kuliko kofi: ile ndege ya Wakenya 81 waliokuja kusoma Marekani mwaka 1959, nauli ilichangwa na nani? Tom Mboya, mwanasiasa wetu aliyeipanga safari hiyo, namjua tangu shule ya msingi. Nisilolijua ni kwamba barua ya kuomba michango ilitiwa sahihi na Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Weusi wa hapahapa, haohao niliowaita walalamishi.

Wiki hiyohiyo mlinzi wa duka la vipodozi alinifuata kutoka rafu hadi rafu. Hakuuliza kama mimi ni Mkenya.

Nilimwomba profesa radhi ofisini kwake, mlango umefungwa, kama mwoga. Kwa yule mama nilijikokota hadi wiki ya tisa. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema sawa. Karanga hazikurudi.

4. Ubao wa majadiliano hufungwa saa sita kasoro dakika moja usiku, saa za California. Si za Nairobi.

5. Komredi wa JKIA, utangulizi wako kwenye ubao huo nimeuona. Ile sentensi ya pili, "mimi binafsi si mweusi", ifute kabla ya Jumanne. Kitufe kiko chini, upande wa kulia.