Spika za ubao wazi: besi imekwenda wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Nimetengeneza spika za ubao wazi, bila boksi. Ubao una upana wa sentimita 45, wufa, yaani spika ya besi, ni ya inchi 12 (karatasi yake inasema Qts 0.36; hiyo ni namba ya jinsi koni inavyoshikwa, ikiwa ndogo imeshikwa zaidi) na juu yake spika ndogo ya inchi 5. Zote ohm 8. Krosova, ile inayogawa sauti nzito kwa wufa na nyembamba kwa spika ndogo, ni ya dukani, inakata Hz 2,500. Sauti ya mwimbaji tamu, ila besi hakuna. Nikiongeza besi kwenye ampli, koni inarukaruka na kukoroma. Nibadilishe krosova?

Jibu: Marahaba. Krosova utabadilisha, lakini anza na wufa.

Bila boksi, mgongo wa koni nao unatoa sauti, na inakwenda kinyume na ya mbele. Mawimbi ya besi ni marefu, yanazunguka ukingo wa ubao na kuuana. Kwa ubao wako, kuanzia kama Hz 130 kushuka, kila masafa yanapopungua nusu unapoteza desibeli 6. Ukilazimisha kwa ampli, koni inatembea kupita kiasi kwa sababu hakuna hewa ya boksi ya kuizuia.

Tafuta wufa yenye Qts kati ya 0.7 na 1. Dukani watakusifia sumaku kubwa, na kwa boksi wako sahihi. Kwa ubao wazi sumaku hiyo ndiyo inayokunyima besi: inaishika koni mno, Qts inashuka. Wufa ya bei poa, koni ya karatasi, sumaku ya wastani, mara nyingi inafaa zaidi.

Sasa krosova. Hz 2,500 ni juu mno. Wufa ya inchi 12 ikipita Hz 1,000 inarusha sauti mbele tu kama tochi. Shusha hadi Hz 200: koili ya milihenri 6.4 kwa wufa, kapasita ya mikrofaradi 100 isiyo na chanya wala hasi kwa spika ndogo. Lakini hesabu hiyo inadhani spika ni resista ya ohm 8 muda wote. Si kweli. Kwenye masafa yake ya asili, yale koni inayopenda kutetemeka yenyewe, spika ndogo inaweza kufika ohm 40, na hapo kapasita haizuii kitu. Ndiyo maana mwenyewe napendelea ampli mbili na krosova ya kielektroniki inayokaa kabla ya ampli hizo.

Kama mfuko hauruhusu wufa mpya, koili hiyo ya wufa iwe ya waya mwembamba, yenye ohm 2 ukiipima kwa mita. Kwa kawaida ningekukataza. Hapa ohm hizo zinapandisha Qts yako kutoka 0.36 hadi kama 0.47. Volumu itapungua kidogo, na kitufe cha besi kwenye ampli kirudishe katikati.