Dodo alikuwa mnene kama anavyochorwa?

SWALI: Nachora dodo, yule ndege asiyeruka wa Morisi aliyekwisha kutoweka, kwenye ukuta wa darasa la shule ya msingi. Kila picha ninayoipata ni ya bonge la ndege, tumbo karibu liguse chini. Nimchore hivyo? Na rangi zake ni zipi?

JIBU: Tumbo hilo liache. Picha nyingi zimenakiliwa, moja kwa moja au kwa kuzunguka, kutoka mchoro wa Roelant Savery wa miaka ya 1620. Tundu za pua za ndege yule zimepanuka mno, jambo linalowafanya wataalamu washuku kwamba Savery alitumia mzoga uliokaushwa. Mwaka 1866 Richard Owen, mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, alizidisha kosa: alipopata mifupa ya kinamasi cha Mare aux Songes, Morisi, aliibana ndani ya umbo la mchoro huo. Alijirekebisha 1872, lakini bonge lilikwisha kuenea.

Ukipima mifupa yenyewe, uzito unaangukia kilo 10 hadi 14 hivi, si zaidi ya 20 kama ilivyodaiwa zamani. Kwa hiyo mpe kimo cha sm 70 hivi, mwili ulioinuka, na miguu minene inayoonekana vizuri chini ya manyoya. Mabawa ni madogo, ila yapo; wengi huyasahau. Mkia ni kishungi kidogo tu cha manyoya mepesi.

Kichwa ndicho kinachoharibiwa zaidi. Ngozi tupu haiishii kwenye mdomo, hufika hadi nyuma ya macho. Sehemu ngumu, iliyopinda kama ndoana, ni ya ncha tu. Tundu za pua ziweke karibu na katikati ya mdomo, nyembamba, kwa kuwa huyu ni wa ukoo wa njiwa.

Rangi: kahawia iliyochanganyika na kijivu. Mwongozo bora kuliko Savery ni mchoro wa Ustad Mansur, wa India, wa 1625 hivi. Dodo mweupe wa Réunion, kisiwa jirani na Morisi, usimchore kabisa. Habari zake zilitokana na ndege wa jamii ya kwarara.

Ukiwa na nafasi ya dodo wa pili, mchore akinyonyoka. Utafiti wa mifupa uliotolewa 2017 ulionyesha kuwa walibadilisha manyoya baada ya msimu wa kuzaliana, kuanzia Machi hivi, na pengine ndiyo maana mabaharia waliwaeleza kwa rangi zisizolingana.