Uliza Tukujibu: Pikapu ya umeme itanifikisha ziwani na kunirudisha?

SWALI: Habari za kazi ndugu zangu wa jarida. Mi niko Brooklyn Park, Minnesota, na maisha ya huku yameniingia kweli, nawinda, navua, nalala porini. Nina F-150 ya petroli ya 2014 imeanza kuchoka. Kazini ni maili 45 kwenda na kurudi. Kiangazi navuta boti mpaka ziwa Mille Lacs, Novemba niko misitu ya Ely natafuta kulungu, na Januari tunavua kwenye barafu. Mke wangu kaona jirani kanunua Lightning, yaani F-150 ya umeme ya Ford, kila siku ananiambia tuchukue na sisi tupunguze hela ya mafuta. Sasa hili ni gari la mwanaume wa porini au la kuringia mjini?

JIBU: Kaka, shemeji ana hoja, tena nzito. Kwa safari ya kazini hakuna ubishi hata kidogo. F-150 Lightning yenye betri kubwa inakula kama kilowati-saa 48 kwa maili 100, sasa kama nyumbani unalipa senti 16 kwa uniti moja hiyo ni chini ya dola 8, wakati pikapu ya petroli inayokwenda maili 20 kwa galoni itakula galoni 5 kwa mwendo uleule, piga hesabu mwenyewe kwa bei ya pampu ya kwenu. Oil hubadilishi, asubuhi ya baridi unaiwasha kwa simu ukiwa bado jikoni unakunywa chai, unakuta ndani kumeshapata joto na kioo hakina barafu, na ikiwa bado iko kwenye chaja joto hilo linatoka kwenye umeme wa nyumba sio kwenye betri. Ila lazima uweke soketi ya volti 240 gereji. Ile soketi ya kawaida ya ukutani ya volti 120 kwa gari zito kama hili inakupa maili 2 au 3 tu kwa saa, yaani usiku mzima haurudishi zile maili 45 zako. Na uliza kampuni yako ya umeme bei ya usiku, Xcel kwa mfano wana mpango wa watu wa magari ya umeme.

Ya boti ndo tukae chini tuongee vizuri, maana hapa ndo watu wengi wanaumia na wauzaji hawapendi kuligusa. Ile namba ya maili 320 wanayoandika kwa Lightning ya betri kubwa ni ya gari tupu bila tela. Ukifunga tela nyuma, kinachokula betri zaidi kwenye haiwei ni upepo kuliko uzito, ndo maana kempa, ile nyumba ya kuvuta, refu lenye uso kama ukuta ni baya kuliko boti iliyolala chini. Majarida ya magari ya Marekani yaliwahi kuifunga Lightning kempa kubwa wakaenda spidi ya haiwei, ikafika kama maili 100 hivi basi, na Rivian R1T, pikapu nyingine ya umeme, haikuizidi kwa kikubwa. Boti yako haitakuadhibu hivyo lakini theluthi ya betri au zaidi kidogo hesabu imekwenda. Kutoka Brooklyn Park mpaka Mille Lacs ni kama maili 90, kwa hiyo kwenda utafika vizuri tu, kurudi bila kuchaji mi nisingethubutu.

Na kuchaji njiani ukiwa na tela sio kama kuchaji bila tela. Sehemu nyingi za chaja za haraka zimejengwa kwa gari dogo linaloingia kwa pua au kwa rivasi, waya mfupi, na ukisimama kwa ubavu na boti nyuma umeziba njia ya watu wote. Inabidi utafute pembeni pa kuliacha tela, uweke vizuizi kwenye tairi, uchomoe waya wa taa, ufungue minyororo, uzungushe jeki mpaka shingo ya tela inyanyuke kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia, ndo usogeze gari ukachaji, kisha dakika 40 baadaye uanze upya kurivasi kutafuta ule mpira huku watoto wanalia njaa. Kabla hujanunua fungua ramani uangalie kama kwenye barabara yako kuna chaja za kupita moja kwa moja kama pampu, zipo lakini chache.

Dawa iliyo bora ni kuchaji unakolala. Kambi nyingi za makempa zina soketi ya ampia 50, ni ileile inayofaa chaja ya gari, ukiacha imechomekwa jioni asubuhi unakuta zaidi ya nusu ya betri imerudi. Piga simu kabla uwaulize mambo mawili, kama soketi ni ya ampia 50 au 30, na kama wanaruhusu gari kuchomeka pale, maana wengine hawataki.

Ely mwezi wa Novemba ndo pananipa wasiwasi zaidi. Ni kama maili 240 kutoka kwako, na baridi inapunguza betri vibaya, chama cha wenye magari cha AAA walipima magari ya umeme mwaka 2019 kwenye nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri (20 za Fahrenheit) hita ikiwa inafanya kazi, wastani yalipoteza asilimia 41. Sasa tuseme Lightning yako inabaki na maili 200 hivi za kweli kwenye baridi. Utachaji mji wa Duluth ulioko njiani ijae karibu yote, toka hapo mpaka Ely ni kama maili 110, unafika umebakiwa na 90, na kurudi Duluth unahitaji 110. Umeona shida ilipo? Na hapo hujazunguka msituni, hujaliacha gari siku tatu kwenye theluji. Kama kabini unayofikia ina soketi ya volti 240 ya kuchomeka usiku kucha, safari inawezekana bila presha. Kama ni hema tu, hapana kaka, usiende nayo.

Barafuni kuna jambo sijui kwa nini watu hawalisemi kwa sauti. Pikapu za umeme ni nzito mno, Lightning inakaribia pauni 7,000 na Silverado EV ya Chevrolet yenye betri kubwa inapita 8,500, wakati F-150 yako ya zamani inacheza kwenye 5,000. Idara ya maliasili ya Minnesota inashauri barafu inchi 13 kwa pikapu ya kati na inchi 16 mpaka 17 kwa pikapu nzito, sasa we ukiendesha ya umeme jihesabu kundi la nzito hata kama kwa macho gari linafanana na la jirani. Nakuomba sana hili usilichukulie poa.

Lakini ukiwa umeshafika porini, raha yake hakuna ya petroli inayoifikia. Unaingia msituni saa kumi na moja alfajiri bila mngurumo. Lightning ukichukua yenye vifaa kamili ina soketi 11 na inatoa mpaka kilowati 9.6, friji la nyama, msumeno, jiko la umeme, vyote vinakwenda. Rivian ina ule mpangilio wa kambi unaojinyoosha wenyewe hata kama umepaki kwenye mteremko, na unaweza kulala ndani hita inawaka usiku kucha bila moshi wa injini, moshi ambao umeshaua watu wengi waliolala kwenye magari yanayounguruma.

Mi ningekuwa wewe ningenunua ya umeme iliyotumika kwa ajili ya kazini na Mille Lacs, na ile F-150 ya zamani nisingeiuza, ingebaki ya Ely na barafu. Punguzo la serikali la dola 7,500 lilikwisha tarehe 30 Septemba 2025 na la zilizotumika nalo likaenda, kwa hiyo bei unayoona ndo hiyohiyo. Na ujue Disemba 2025 Ford walitangaza kusimamisha hii Lightning inayotumia betri peke yake, itakayofuata itakuwa na injini ya petroli inayozalisha umeme ndani ya gari. Kama unaweza kuvumilia miaka kadhaa, hiyo kwa mtu wa boti na Ely itakufaa kuliko zote.

SWALI: Naishi apatimenti Columbus, Ohio, sina pa kuchomeka. Je ninunue?

JIBU: Hapana. Chaja za haraka za barabarani nyingi zinaomba senti 50 na zaidi kwa uniti, kwa pikapu inayokula uniti 48 kila maili 100 ni zaidi ya dola 24, hapo petroli ni nafuu. Muombe mwenye nyumba aweke chaja kwanza, akikataa baki na uliyonayo.

SWALI: Niko Houston, napenda kuvua Galveston. Kwenye kimbunga Beryl tulikaa gizani siku kibao, nikaambiwa pikapu ya umeme ingewasha nyumba. Ila naogopa maji, nikirivasi kushusha boti sitapigwa shoti?

JIBU: Dada, kuhusu shoti ondoa hofu, betri na nyaya za volti kubwa zimezibwa, na mfumo unakata umeme ukihisi hitilafu. Rivian imetengenezwa kuvuka maji ya futi 3. Ya kuwasha nyumba ni kweli, friji na feni unachomeka moja kwa moja kwenye gari, ila nyumba nzima inataka vifaa vya ziada na fundi umeme mwenye leseni. Cha kuogopa ni maji ya chumvi. Ukishusha boti acha tairi za nyuma ziguse tu, usizamishe gari, na ukifika nyumbani osha chini kwa maji ya kawaida yasiyo na chumvi. Kimbunga kikija lipeleke mapema mahali pa juu, kwa sababu baada ya kimbunga Ian kule Florida 2022 yapo magari ya umeme yaliyozama kwenye maji ya bahari yakashika moto siku kadhaa baadaye. Likizama usilichomeke wala kujaribu kuliwasha, libebwe juu ya lori mpaka umbali wa futi 50 kutoka kwenye nyumba na magari mengine, halafu uwaite watu wa bima.